Kazi yako na AI: ufunge, uachie bure, uuze mwenyewe au upitie chama?

Kama unaandika, unaimba, unapiga picha, unatafsiri au unarekodi sauti kwa Kiswahili hapa Uganda, hili swali litakufikia tu, kama bado halijakufikia. Kiingereza hawa watu wa AI walishakizoa karibu chote kilichoko kwenye intaneti, sasa wanazunguka kutafuta lugha zenye maandishi machache, Luganda, Acholi, Runyankole, na Kiswahili cha huku kwetu pia, ambacho kimepanda hadhi kidogo tangu baraza la mawaziri lilipokubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Basi anakuja mtu kwa inboksi, mara mtafiti, mara kampuni ya data, mara shirika fulani, anataka hadithi zako au masaa kadhaa ya sauti yako, na wewe hujui umjibu nini. Au hakuji mtu yeyote, wanachukua tu.

Kwenye magrupu ukiuliza utapata majibu mawili. Moja "wezi hao usiwape kitu", la pili "we toa tu lugha ikue." Yote yana ukweli wake ila hayamsaidii mtu ambaye ana diwani moja, nyimbo kumi na kodi ya nyumba. Mi naona njia ziko nne, na mtu mmoja anaweza kutumia zote nne kwa kazi tofauti, hakuna aliyekuapisha. Unaamua kazi moja moja, sio msimamo wa maisha.

Tunapima kwa nini

Kwanza pesa: inakuja kweli, lini, mara moja au kila mwaka. Pili kurudi nyuma, yaani mwakani ukibadilisha mawazo utaweza kutoka? Tatu jina lako, litaonekana mahali au utamezwa humo ndani. Nne usumbufu: karatasi, dola, mawakili, kumfuatilia mtu aliyeko California na wewe uko Busia. Tano lugha yenyewe, Kiswahili na watu wake wanabaki na nini.

Hicho cha pili ndicho mimi nakipa uzito kuliko vingine. Modeli, yaani ile programu ya AI yenyewe iliyofundishwa, haihifadhi hadithi yako kama faili ambalo unaweza kwenda kulifuta. Inapofundishwa inasoma maandishi mengi mno na kila mara inarekebisha namba zake, mabilioni ya namba, na hadithi yako inakuwa imezisukuma hizo namba kidogo kidogo, basi. Ukisema nitoeni, kampuni inaweza ikaacha kukutumia kwenye modeli ijayo, lakini hii iliyopo ilishakusoma, na kuifundisha upya toka sifuri ni gharama ambayo hakuna atakayeingia kwa ajili ya hadithi moja ya mtu wa Arua. Ruhusa uliyompa redio kupiga wimbo wako ukiikata leo, kesho wimbo haupigwi. Hii ya AI haikatiki hivyo. Ndiyo maana kila njia hapa chini nitaiuliza: ukishaingia unatokaje?

Subiri kwanza, hiyo kazi ni yako?

Hapa watu wengi wanaruka. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 2006, na inasema kazi ikishawekwa kwenye umbo linaloshikika, imeandikwa au imerekodiwa, ina ulinzi hapohapo, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwenda kuisajili URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, si lazima, ila usajili unakupa ushahidi, na ushahidi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, nitarudi kwa hilo.

Sasa iko na kitu kinachouma. Kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu ukalipwa, hakimiliki inaenda kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kwa hiyo ile tafsiri ya kijitabu cha afya uliyoifanyia shirika, picha za harusi, tangazo la redio uliloimba, huenda si zako za kuuza wala za kuzuia. Toa hizo karatasi za zamani usome. Na kama hamkuandikiana kitu kabisa, basi jua sheria inamwegemea aliyetoa oda.

Wanamuziki nao, biti ni ya nani, prodyuza yuko wapi, kibwagizo aliimba nani? Kila mmoja ana kipande chake. Na hawa maVJ wetu wanaotafsiri sinema kwenye vibanda vya vidio ndiyo kichekesho chenyewe, sauti ya VJ ni yake, utani ni wake, lakini sinema si yake, kwa hiyo hawezi kumuuzia mtu wa AI faili zima hata kama faili zima ndilo linalotafutwa, maana Kiswahili au Luganda ya mazungumzo kama ile hupati kitabuni.

Sauti ina kufuli la pili. Sauti inayokutambulisha ni taarifa binafsi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inayotaka uombwe ridhaa na uambiwe inakwenda kufanya nini. Hata kama maneno unayosoma si yako, koo ni lako.

Kuhusu AI sheria ya 2006 haitaji kitu, ingetajaje. Ina kifungu cha matumizi yanayokubalika bila ruhusa, kinachotazama mambo manne: lengo la anayetumia, aina ya kazi, kiasi alichochukua, na soko la mwenye kazi linaumia vipi. Hayo manne yanafanana sana na ya Marekani. Huko Marekani Juni 2025, kwenye kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya AI ya Anthropic, jaji William Alsup alisema kufundisha AI kwa vitabu vilivyonunuliwa kihalali kunakubalika, ila kujaza maktaba kwa vitabu vya kuibwa kutoka mitandao ya uharamia hakukubaliki, na Anthropic ikaishia kukubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kitabu. Ila sikia hii: kitabu kilichostahili ni kile tu kilichokuwa kimesajiliwa kwa ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya muda uliowekwa. Mwandishi wa Afrika ambaye kitabu chake kilikuwa kwenye rundo lilelile la wizi lakini hakusajili kule, hesabu yake ni sifuri. Ndiyo ule ushahidi niliosema.

Ujerumani mambo yakaenda upande mwingine, Novemba 2025 mahakama ya Munich iliipa ushindi GEMA, chama cha watunzi wa muziki, dhidi ya OpenAI, wenye ChatGPT, sababu modeli ilikuwa inatema mashairi ya nyimbo vilevile yalivyo. Umoja wa Ulaya unaruhusu kuchimba data, yaani mashine kusoma kazi kwa wingi, mpaka mwenye kazi aseme hapana kwa namna ambayo mashine inaisoma. Japani ilishafungua mlango tangu marekebisho ya 2018. Kwa hiyo hadithi yako ya Kasese inaweza ikawa na ulinzi tofauti kutegemea seva iko nchi gani, na wewe huna habari iko wapi.

Haya, tuingie kwenye zenyewe.

Njia ya 1: Kufunga

Hii ni kusema hapana na kuweka vizuizi. Kwenye tovuti yako unaweka faili la robots.txt linalozitaja roboti za kukusanya kwa majina, GPTBot ya OpenAI, CCBot ya Common Crawl, shirika linalokusanya nakala za kurasa za intaneti, ClaudeBot ya Anthropic, na Google-Extended kwa upande wa Google. Blogu ikiwa WordPress.com kuna setingi ya kuzuia kushirikisha watu wengine maandishi yako. Ukipitishia tovuti yako Cloudflare, huduma ya kulinda tovuti, tangu Julai 2025 tovuti mpya zinafungiwa roboti za AI zenyewe bila wewe kugusa. YouTube, tangu Desemba 2024, kuna sehemu ndani ya Studio ya kuruhusu kampuni za nje zifundishe AI kwa vidio zako, na imezimwa tayari, kwa hiyo ukiiacha ilivyo umeshakataa. Hao ni wa nje lakini. Google wenyewe ndio wenye YouTube na wamekubali hadharani kwamba wanatumia baadhi ya vidio kufundishia modeli zao. Wachoraji wana Glaze na Nightshade za Chuo Kikuu cha Chicago, zinavuruga picha kwa namna ambayo macho hayaoni ila modeli inachanganyikiwa. Kwa maandishi hazisaidii.

Pesa: hakuna. Unalinda tu uwezekano wa kuja kuuza baadaye, maana kitu ambacho kila mtu alishakichukua bure nani atakinunua.

Kurudi nyuma: hapa ndipo inashinda. Leo umefunga, kesho ukitaka unafungua. Njia nyingine zote ukiingia kutoka ni shida.

Jina: halitajwi popote, lakini pia haliharibiwi.

Usumbufu: mdogo mwanzoni, halafu unakuwa wa kila siku, roboti mpya zinazaliwa na robots.txt ni ombi tu, mwenye adabu anaheshimu, asiye na adabu anapita. Tena haizuii nakala zako zilizoko kwa wengine, ile PDF ya riwaya yako inayozunguka kwenye WhatsApp huwezi kuiwekea robots.txt. Na ukipositi Facebook hadharani hiyo iko mikononi mwa Meta hata kama wewe unaiingia kwa VPN kama sisi wote tangu ilipozimwa huku 2021.

Lugha: hapa ndipo panapouma roho. Wote wanaoandika Kiswahili kizuri wakifunga, modeli zinajifunza Kiswahili cha tafsiri za mashine na matangazo ya kubeti, halafu mtoto wa shule anauliza swali anajibiwa kwa hicho. Sisemi ni jukumu lako kulizuia hilo peke yako. Nasema tu ni gharama iliyopo.

Njia ya 2: Kuachia kwa leseni huria

Unaiweka kazi hadharani na leseni inayosema watu waitumieje. Inayojulikana zaidi ni Creative Commons, na iko ya aina kadhaa na tofauti zake si ndogo. CC0 maana yake umeachia haki zote, hata kutajwa jina. CC BY wanatumia watakavyo ila wakutaje. CC BY-NC wasitumie kibiashara.

Mifano iko karibu. Common Voice ya Mozilla, ambapo watu wanasoma sentensi kwa sauti, ina Kiswahili na Luganda, na data yake ni CC0, na hata sentensi zenyewe zinazosomwa lazima ziwe huru kabisa, kwa hiyo mwandishi akichangia sentensi zake za hadithi kule ajue amezigawa moja kwa moja. African Storybook, ambao Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanzakwanza, unatoa hadithi za watoto kwa CC BY kwa lugha nyingi za Afrika.

Pesa: hakuna ya moja kwa moja. Wengine wanapata kazi kupitia hapo, wanaonekana, wanaitwa kwenye miradi, lakini usiiweke kwenye bajeti.

Kurudi nyuma: hakuna kabisa na hapa nisisitize, leseni za Creative Commons hazifutiki kwa aliyekwisha kuchukua. Unaweza kuacha kuigawa wewe, ila aliyeshapata anaendelea nayo. Ukijumlisha na ile habari ya modeli kutosahau, hii ndiyo njia yenye mlango wa kuingia tu.

Jina: CC BY inasema utajwe, ila uliza swali la kweli, modeli inapojibu mtu inamtaja nani? Haitaji. Jina lako litabaki kwenye orodha ya data, mahali ambapo watafiti wanasoma. Na kuna utata zaidi: kama sheria ya nchi fulani inasema kufundisha AI hakuhitaji ruhusa, basi masharti ya leseni hayana pa kushikia. Creative Commons wenyewe wanalisema hili wazi.

Usumbufu: kidogo sana, unachagua, unaandika mstari mmoja, umemaliza.

Lugha: inapata zaidi kuliko njia nyingine yoyote. Vijana wa Makerere, Sunbird AI hapa Kampala, Masakhane ambao ni mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika, hawa wanaotengeneza tafsiri na kutambua sauti kwa lugha zetu wanaishi kwa data iliyo wazi. Kumbuka kilichotokea kwa JW300, mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Mashahidi wa Yehova ambao watafiti wa lugha za Afrika walikuwa wanautegemea, ukaja kuondolewa sababu ya hakimiliki, watu wakabaki mikono mitupu. Data yenye ruhusa safi haina hiyo presha.

Watu wengi wakisikia hayo wanakimbilia BY-NC, wakiona ndiyo ya katikati. Mi siipendi sana kwa hali yetu. Inamzuia dada wa Ntinda anayetaka kutengeneza apu ndogo ya kufundisha Kiswahili kwa ada kidogo, huku kampuni kubwa yenye mawakili ikisema sheria ya kwao haihitaji leseni yako. Kwa anayefikiria hivyo kuna leseni mpya zaidi, Nwulite Obodo, iliyotoka kwa watu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria, inayowagawa watumiaji: wa Afrika na nchi zinazoendelea wanatumia kwa masharti mepesi, wa nchi tajiri inabidi wakae chini mkubaliane faida itarudije. Bado ni changa, na siku mtu wa Ulaya akiivunja utahitaji nguvu ya kumfuata, lakini wazo lake liko karibu na ninachokisikia watu wakikitaka.

Njia ya 3: Kuuza mwenyewe kwa mkataba

Hapa ndipo pana pesa, na pana mitego mingi kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soko lipo kweli. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya vitabu ya HarperCollins iliwauliza baadhi ya waandishi wake kama wanakubali vitabu vyao vifundishie AI kwa miaka 3, mwandishi apate dola 2,500 kwa kitabu, ambazo kwa shilingi ni karibu milioni 9. Angalia mambo mawili mazuri pale: waliuliza, na kuna muda wa mwisho. Sasa linganisha na Taylor & Francis, wachapishaji wa majarida ya kitaaluma, mwaka huohuo kampuni mama yao iliingia dili na Microsoft lenye malipo ya kuanzia ya dola milioni 10 hivi, na waandishi wengi wakasikia kwenye habari kama wewe na mimi. Wahadhiri wetu wanaochapisha nje mnasoma kweli ile fomu ya kuhamisha haki au mnatafuta tu pa kusaini?

Pesa: ipo, ila kwa mtu mmoja mmoja wa hapa mara nyingi ni malipo ya mara moja, umerekodi, umelipwa, kwaheri. Kazi moja hainunuliwi na kampuni kubwa, wananunua rundo, kwa hiyo aliyekujia inboksi huenda ni dalali anayekusanya. Muulize anauza kwa nani.

Kurudi nyuma: inategemea kalamu. Mkataba mzuri unasema muda, unasema baada ya hapo wasiitumie kwenye modeli mpya na wafute nakala walizonazo. Modeli iliyokwisha kufundishwa itabaki hata hivyo. Mkataba mbaya unasema milele, dunia nzima, kwa matumizi yoyote, na wanaruhusiwa kumpa mwingine yeyote. Ukiona hayo maneno manne pamoja ujue umeuza shamba, kwa hiyo bei iwe ya shamba.

Jina: unaweza kulidai, na hapa una nguvu kuliko kwenye leseni huria kwa sababu unaongea na mtu ambaye anataka kitu chako.

Usumbufu: mkubwa. Wakili, kodi, dola zitafikaje, sheria ya nchi gani itatumika mkigombana. Kama mkataba unasema mtaenda mahakama ya California, basi hamtaenda.

Lugha: kazi yako inaingia modeli ya kampuni moja na hakuna mtafiti wa hapa atakayeiona. Dawa yake ni kukataa kutoa haki ya pekee. Uza ruhusa, usimuuzie peke yake, ili mwakani uweze kumpa Makerere bure kama utapenda.

Kwa sauti sikiliza sana. Kuna sauti ya kufundishia mashine *kusikia*, yaani itambue watu wanasema nini, na kuna sauti ya kufundishia mashine *kuongea*. Ya kwanza wanahitaji watu wengi tofauti, wazee, vijana, wa Bombo, wa Malaba, wewe ni mmoja kati ya mamia na sauti yako haitatoka nje kama wewe. Ya pili wanahitaji mtu mmoja au wachache, studio kimya, masaa mengi, na mwisho wake mashine inaongea kwa koo lako, inaweza kusoma tangazo la mkopo, la mwanasiasa, la dawa ya nguvu, na wewe uko nyumbani na mama yako anakupigia simu anauliza ulianza lini kazi hiyo. Malipo ya hizi mbili hayawezi kuwa sawa na karatasi zake haziwezi kuwa moja. Kama ni ya kuongea, andika mambo ambayo sauti haitasema: siasa, kamari, mikopo, ngono, kujifanya wewe mwenyewe. Na mtu akikwambia "ni rekodi tu kaka, usijali", hapo ndipo ujali.

Njia ya 4: Kupitia chama

Uganda tuna vyama vya kukusanya mirabaha vinavyotambuliwa kisheria: UPRS kwa muziki, URRO kwa maandishi na nakala zake, UFMI kwa filamu. Wazo ni kwamba kampuni haitaki kuongea na watu elfu tano, na wewe huwezi kuibana kampuni peke yako, basi chama kinakaa katikati.

Kwa AI njia hii ni changa lakini imeshaanza huko nje. Septemba 2025 STIM, chama cha watunzi cha Uswidi, kilitoa leseni ya pamoja ya muziki kwa kampuni za AI. Na ile kesi ya Munich, aliyeshinda ni chama, hakuna mtunzi mmoja ambaye angeibeba peke yake.

Pesa: kwa AI usiitegemee leo. Ikija inagawanywa kwa wengi. Na manung'uniko ya wasanii kuhusu mgao mnayajua, sitayarudia.

Kurudi nyuma: unaweza kujitoa uanachama kwa taratibu zake, ila soma ulichokabidhi. Hili ndilo la kuangalia kuliko yote: umekabidhi haki ya kupigwa hadharani tu, au zote? Kama ni zote huenda huna tena cha kuuza kwa njia ya 3, na hata ukisaini na mtu mwingine utakuwa umeuza kitu ambacho hakipo mfukoni mwako.

Jina: kazi zako zinakuwa zimeorodheshwa mahali rasmi, na hiyo peke yake ni faida kama siku moja italipwa fidia kwa kufuata orodha.

Usumbufu: kujisajili, kupeleka orodha ya kazi, mikutano. Wa kawaida.

Lugha: chama kikiwa imara kinaweza kuweka masharti ambayo mtu mmoja hawezi, mfano bei tofauti kwa watafiti wa ndani. Kikilala, kila kitu kimelala nacho.

Sasa wewe uko wapi?

Kama wewe ni mwandishi mwenye riwaya inayouzwa, au ndiyo unajenga jina, funga kwanza. Weka vizuizi, sajili URSB, na kama kitabu kiko Amazon fikiria na usajili wa Marekani. Ukishapata mchapishaji, tafuta neno AI kwenye mkataba, na kama halipo lilete wewe: isitumike bila kuniuliza kwa maandishi.

Kama ni mwalimu na una hadithi fupi za watoto ulizoandika kwa ajili ya darasa, hukutegemea zikulipe na unataka zisomwe, kuachia kwa CC BY kunaeleweka sana. Anza na chache. Zile bora kuliko zote ziweke pembeni, hakuna anayekukimbiza.

Mwanamuziki, karatasi za chama kabla ya kitu kingine, halafu makubaliano na prodyuza kwa maandishi, halafu masharti ya kampuni inayokusambazia nyimbo onlaini, siku hizi baadhi yake zina kifungu cha AI katikati ya maneno mengi. Ukimaliza hayo ndiyo ujue kama una cha kuuza.

Mpiga picha na mchoraji, kufunga, na picha za ubora mdogo hadharani, zile kubwa kwa wanaonunua. Za watu wengine, hasa watoto wa shule, usimuuzie mtu wa AI hata kama picha ni yako, nyuso ni zao.

Mtafsiri wa mashirika, rudi kwenye karatasi za oda. Za zamani huenda zimeshaenda. Kwa zijazo ongeza mstari mmoja kwamba tafsiri isiuzwe kufundishia AI bila malipo ya ziada, wengine watakataa, wengine watakubali bila hata kusoma.

Mzee anayejua visa na methali za Kinubi au za mpakani, na kijana anataka kumrekodi: hapo leseni ya aina ya Nwulite Obodo au makubaliano na chuo naiona bora kuliko CC0, kwa sababu visa si vya mzee peke yake, ni vya jamaa, na CC0 haina njia ya kuwauliza tena.

Na wewe uliyeandikiwa jana usiku ukaambiwa nafasi inaisha Ijumaa, mjibu hivi. Ni sauti ya kusikia au ya kuongea? Nani mnunuzi wa mwisho? Kwa muda gani? Mtaweza kumpa mwingine? Jina langu linakaa wapi? Nikitaka kutoka nafanyaje, na mtanilipa kwa njia gani? Omba mkataba kamili kwa lugha unayoisoma vizuri na siku za kuusoma. Akijibu yote kwa karatasi mna cha kuzungumza. Akisema mkataba utaletwa baada ya kurekodi, mwambie sawa, na kurekodi kutakuwa baada ya mkataba.